Haki ya Kuonywa Mapema

Mazungumzo juu ya mvua kubwa na mafuriko ya ghafla, yaliyotolewa kwa wanajumuiya wa Kibaha na Kisarawe



Sisi tunaosimama mbele yenu si wataalamu wa hali ya hewa. Tu wakulima, walimu, mafundi na akina mama wa nyumbani, tunaopima mvua katika viwanja vyetu, baadhi yetu upande wa Kibaha na wengine upande wa Kisarawe. Kila siku saa tatu asubuhi tunasoma kipimo, tunaandika namba daftarini, na inapobidi tunawapelekea habari jirani zetu wanaokaa mabondeni. Kazi hii ni ndogo, wala haina mshahara.

Mmetuomba tueleze kwa nini watu wa haki na amani wajishughulishe na mvua, jambo ambalo wengi huliona kuwa ni la Mungu na la watabiri peke yao. Jibu letu ni fupi. Mvua huwanyeshea wote, lakini maafa yake hayawapati wote sawasawa. Mmoja hulala juu ya kilima akisikiliza mabati yake, na mwingine huamka usiku akikuta maji kitandani. Mmoja alipata habari jana yake, na mwingine hakuambiwa na mtu yeyote. Palipo na tofauti ya namna hiyo, hapana budi pana swali la haki.

1. Mafuriko ya aina mbili

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Methali hii ni ya kweli, lakini kwetu sisi haitoshi, kwa sababu katika wilaya zetu yapo mafuriko ya aina mbili, na kila aina ina dalili zake.

Aina ya kwanza ni mafuriko ya mto mkubwa. Mto Ruvu hupata maji yake kutoka Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, hukatiza nyanda za Kibaha karibu na Mlandizi, na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Mvua kubwa ikinyesha Uluguru, maji yake hayafiki kwetu siku hiyo hiyo. Hivyo mkulima wa bondeni anaweza kushinda na jua kali, udongo ukiwa mkavu, na usiku maji yakapanda na kufunika mpunga wake. Mkulima huyo akitazama mawingu ya juu ya kichwa chake atadanganyika. Dalili yake ni kimo cha maji mtoni, pamoja na habari za watu wa juu. Mafuriko haya yana heri moja, nayo ni kwamba hutupa muda. Ni juu yetu kuutumia.

Aina ya pili ni mafuriko ya ghafla, nayo ni ya vijito na makorongo. Vilima vya Pugu na Kisarawe ndivyo chimbuko la Mto Msimbazi, unaoteremka kwa kilomita zipatazo 35 kupitia mitaa ya Dar es Salaam hadi baharini karibu na Daraja la Selander. Mito ya Kizinga na Mzinga nayo hupata maji kutoka vilima hivyo hivyo. Upande wa Kibaha tunao Mto Mpiji, unaopita mpakani na Dar es Salaam. Wingu moja zito likitulia juu ya vilima hivi kwa saa chache, korongo ambalo asubuhi lilikuwa njia ya watoto wa shule hugeuka kuwa mto kabla hawajarudi nyumbani. Hapa muda wa kujiokoa huhesabiwa kwa saa, na pengine kwa dakika.

Ndiyo maana tunasema kwamba onyo linalomfaa mtu wa Ruvu halimfai mtu wa korongo la Kisarawe. Wa kwanza apewe habari za Morogoro. Wa pili apewe habari za kilima kilicho nyuma ya nyumba yake.

2. Milimita moja ni nini?

Tunasikia redioni kwamba pametarajiwa mvua inayozidi milimita 50 kwa saa 24, ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huihesabu kuwa mvua kubwa. Wengi wetu husikia namba hiyo na kuipuuza, kwa kuwa milimita 50 si zaidi ya urefu wa kidole. Tufanye hesabu pamoja.

Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Chukueni nyumba yenye paa la mita 8 kwa 6. Mvua ya milimita 50 huangusha juu ya paa hilo lita 2,400, yaani ndoo 120 za lita 20. Juu ya eka moja ya shamba huanguka zaidi ya lita laki mbili, ambazo uzito wake ni tani 200. Juu ya kilomita moja ya mraba ya kilima huanguka tani 50,000. Maji hayo yakikuta msitu na udongo wenye majani yaliyooza, sehemu kubwa hunywewa na ardhi na kuachiliwa polepole. Yakikuta kilima kilichonyolewa, barabara ngumu na mabati, hushuka yote kwa pamoja.

Liko na jambo la pili. Udongo ni kama sifongo. Ukiwa mkavu hunywa, na ukishiba hunywi tena. Kwa hiyo mvua ya wastani inayokuja baada ya siku tatu za manyunyu yaweza kuwa ya hatari kuliko mvua kubwa ya kwanza ya msimu. Anayeangalia mvua ya leo peke yake hajui hatari. Anayejua ni yule mwenye daftari la siku kumi zilizopita.

3. Mambo yaliyotufundisha

Wazee wanakumbuka mvua za El Nino zilizoanza mwishoni mwa mwaka 1997 na kuendelea mpaka mwaka 1998, zilizokata barabara na reli katika sehemu nyingi za nchi. Mwezi Desemba 2011 ikanyesha Dar es Salaam mvua ambayo wataalamu walisema haijapata kuonekana tangu mwaka 1954. Watu wapatao 40 walipoteza maisha, na familia nyingi za bonde la Msimbazi zilihamishiwa Mabwepande. Tukumbuke kwamba Msimbazi huanza kwetu. Maji yaliyoingia katika nyumba za Jangwani yalikuwa yamepita kwanza katika vilima vyetu.

Mwaka 2023 ulitupa somo jingine. Mwezi Agosti, Mamlaka ilitangaza kwamba mvua za vuli zingekuwa kubwa kuliko kawaida kwa sababu ya El Nino. Utabiri huo ulitimia. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuufunika mji wa Katesh, na makumi ya watu wakafa. Mvua hazikukoma. Mwezi Aprili 2024 maji ya Rufiji yalifunika mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti, katika mkoa wetu huu wa Pwani. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliarifu Bunge kwamba watu 155 wamekufa na 236 wamejeruhiwa nchini kutokana na mvua hizo. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa mwezi Mei, Kimbunga Hidaya kikafika karibu na Kisiwa cha Mafia, jambo ambalo ni nadra sana katika pwani yetu.

Tujiulize kwa utulivu: kama utabiri ulikuwepo, mbona watu walikufa? Hatusemi haya ili kumhukumu mtu. Tunasema kwamba utabiri wa msimu hutaja miezi na mikoa, nao hauwezi kutaja korongo wala saa. Kati ya tangazo la redioni na mlango wa mjane anayekaa bondeni kuna pengo. Pengo hilo halizibwi na satelaiti. Huzibwa na mtu anayemjua mjane huyo na anayejua njia ya kufika kwake usiku.

4. Kazi ya mwangalizi wa mvua

Kuangalia mvua si jambo geni kwetu. Wazee wa Kizaramo na wa pwani yote wamejua siku zote kwamba kaskazi ikitulia na kusi ikianza, masika yamekaribia. Wamesikiliza vyura, wametazama mchwa na kumbikumbi, wameangalia miti inapochipua. Elimu hii tusiidharau, kwani imetokana na macho yaliyotazama kwa miaka mingi. Wataalamu wanatueleza jambo lile lile kwa lugha nyingine, kwamba kati ya Machi na Mei Ukanda Mvua hupita juu yetu ukielekea kaskazini, na upepo wa baharini huleta unyevunyevu unaopandishwa na vilima. Mzee na mtaalamu wakikaa meza moja, kijiji hupata faida.

Chombo chetu ni kipima mvua. Asiyekuwa nacho aweza kuanza na kopo lenye kuta zilizonyooka wima na rula. Upana wa kopo si hoja, mradi kuta zisiwe zimetanuka juu wala chini. Kopo likae mahali peupe, mbali na mti au paa kwa umbali usiopungua mara mbili ya kimo chake, tena lisimame sawasawa. Soma saa tatu asubuhi, andika, kisha mwaga. Kama haikunyesha, andika sifuri. Wengi huacha siku za jua bila kuandika, na baada ya mwezi hawajui kama hapakuwa na mvua au hapakuwa na mwangalizi. Sifuri nayo ni habari.

Penye mto au korongo tunasimamisha mti uliopakwa rangi: kijani chini, njano katikati, nyekundu juu. Mama anayechota maji, hata kama hakusoma, aweza kutuambia maji yamefika rangi gani. Wakati wa mvua kubwa hatungoji saa tatu asubuhi, bali tunasoma kila saa na kupigiana simu, wa juu akimwarifu wa kati, na wa kati akimwarifu wa chini.

Hapa pana mpaka ambao yatupasa kuuheshimu. Utabiri na tahadhari rasmi ni kazi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 badala ya Wakala uliokuwepo tangu 1999. Sisi hatutabiri. Tunasema mvua iliyokwisha kunyesha ni kiasi gani, na maji yamefika wapi. Anayechanganya mambo haya mawili huzusha hofu, na hofu ikizushwa mara tatu bila sababu, mara ya nne hakuna atakayenyanyuka.

5. Kosa letu wenyewe

Ingekuwa si uaminifu kuwaeleza mazuri tu. Masika moja tulipima mvua kubwa siku mbili mfululizo, na jioni ya siku ya pili tuliona maji ya korongo yamefika penye rangi ya njano. Tuliandika taarifa na kuipeleka katika ofisi moja. Ofisi ilikuwa karibu kufungwa, na karatasi yetu ililala mezani mpaka asubuhi. Sisi nasi tulirudi nyumbani tukiwa na amani, tukidhani kwamba tumetimiza wajibu wetu. Usiku ule maji yaliingia katika nyumba za jirani zetu. Kwa neema ya Mungu hakufa mtu, lakini familia moja ilipoteza chakula cha msimu mzima pamoja na madaftari ya watoto.

Asubuhi mama wa nyumba ile alituuliza swali moja tu: "Mlijua?" Hatukuwa na jibu. Tulijua, na tulimwambia mtu asiyekuwa hatarini.

Tangu siku hiyo tumeweka kanuni. Wa kwanza kuambiwa ni yule aliye karibu zaidi na maji. Ofisi huarifiwa wakati ule ule, si badala yake. Na habari haihesabiwi kuwa imefika mpaka aliyeipokea aitikie.

6. Haki na wajibu

Mara nyingi tunasikia watu wa mabondeni wakilaumiwa kwa ukaidi. Kweli, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na sheria hiyo ina hekima. Lakini tuulize pia: mtu huyu alifikaje bondeni? Aliuziwa kiwanja na nani? Nani alishuhudia mauziano? Maskini hachagui bonde kwa kupenda maji. Huchagua bei anayoiweza, karibu na mahali anapopata kibarua. Kumwambia ahame bila kumwonyesha pa kuhamia si kumwonya, bali ni kumfukuza.

Tena wajibu hauko bondeni peke yake. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imekatwa kwa miaka mingi kwa ajili ya mkaa na kuni. Mchanga umechimbwa katika vijito mpaka kingo zikaanguka. Mkaa huteremka kwenda Dar es Salaam kwa baiskeli na magari, na maji nayo huteremka kwa Msimbazi, yakiifuata njia ile ile ya biashara. Anayekata mti, anayenunua gunia, na anayefumba macho, wote wana fungu lao katika maji yale. Mtu wa Kisarawe na mtu wa Jangwani hawajuani kwa sura, lakini mto umewafanya kuwa majirani.

Kuonywa ni haki, wala si fadhila. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa mpaka kijiji na mtaa. Tarehe 23 Machi 2022 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alitangaza lengo kwamba katika muda wa miaka mitano kila mtu duniani awe analindwa na mfumo wa kutoa tahadhari mapema. Maneno "kila mtu" yanamhusu pia bibi asiyesikia vizuri, kijana asiye na simu, na mgeni aliyehamia mtaani wiki iliyopita. Haki yao haitimizwi na ujumbe wa simu peke yake.

7. Yatupasa kufanya nini?

Kwanza, kila jumuiya iwe na watu wawili wa kupima mvua, mwenye daftari na msaidizi wake, ili mmoja akisafiri namba zisikatike. Shule zetu zinaweza kuwa vituo vizuri, kwa kuwa mtoto aliyejifunza kusoma kipimo humfundisha baba yake.

Pili, tuandike majina ya nyumba zilizo hatarini, na tuonyeshe wazi nani hawezi kutembea mwenyewe, na nani atamchukua. Vijana wa Dar es Salaam, katika mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015, waliweza kuchora ramani za mifereji na mitaa inayofurika. Sisi nasi tunaweza kuanza kwa penseli na karatasi.

Tatu, tukubaliane na majirani zetu Waislamu alama moja ya hatari. Kipaza sauti cha msikiti, kengele ya kanisa na ngoma vitangaze jambo moja kwa namna moja. Maji hayaulizi dini ya mtu.

Nne, tuwafundishe watoto na wenye pikipiki kutovuka maji yanayokwenda kasi, hata yakiwa ya magotini. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, na chini ya maji ya matope hakuna ajuaye kama daraja bado lipo.

Tano, twende kwenye mikutano ya kijiji na ya mtaa tukiwa na madaftari yetu, tuulize kamati ya maafa ilikutana lini, kalavati lililoziba litazibuliwa lini, na viwanja vya mabondeni vinagawiwa na nani. Mwenye namba mkononi husikilizwa kuliko mwenye malalamiko matupu.

Ndugu zetu, hatuwezi kuzuia wingu. Hatukupewa uwezo huo, wala hatutaulizwa juu yake. Tutaulizwa juu ya yale tuliyoyajua na tukanyamaza. Swali la mama yule, "Mlijua?", litatungoja kila masika. Mungu atujalie kuwa na jibu.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika mtaa wetu ni nyumba zipi zilizo karibu zaidi na maji? Nani huzipelekea habari usiku?
2. Maji yanayotufikia yanatoka wapi? Je, tunafahamiana na watu wanaokaa huko juu?
3. Maji yanayotoka kwetu yanakwenda kwa nani, na sisi tunamdai au tunadaiwa nini?
4. Ni nani kati yetu atakayeanza kupima mvua kesho saa tatu asubuhi?